KUZURU MIJI YA KALE: KUTOKA KWIHARA HADI BANDARI YA UJIJI

 

 Kila likizo ikikaribia wanafunzi hutuuliza, "Ustadh, mwaka huu tutatembezwa wapi?" Wengi hutaja Dar es Salaam au Zanzibar. Wengine wamewaona watalii kwenye televisheni wakipita katika bandari za kale za Bahari ya Mediterania, kama vile Iskandariya, wakatamani na wao wafike huko. Hamu hiyo si mbaya. Lakini sisi watu wa Tabora tunaishi juu ya njia ambayo zamani watu walitembea miezi mitatu kuifikia, na wengi wetu hatujawahi kuizuru. Katika makala hii tutaeleza namna ya kuizuru, mambo ya kutazama, na mwisho tutajibu swali gumu aliloulizwa mwanafunzi wetu mmoja.

SAFARI KATIKA UISLAMU

Qur'ani Tukufu inatuhimiza mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa watu waliotangulia. Mfano ni Surat Rum aya ya 9. Kwa hiyo kuzuru mji wa kale si upuuzi wala si kupoteza wakati, maadamu mtu anakwenda kutazama na kuzingatia.

Mfano mzuri ni Ibn Battuta, aliyezaliwa Tanja, nchi ya Moroko, mwaka 1304. Aliondoka kwao mwaka 1325 kwenda Hija, na mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa. Mwaka 1326 alipita Iskandariya akauona mnara wake mashuhuri. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umebomoka kiasi kwamba hakuweza kuingia ndani. Hapa tunajifunza kwamba athari za kale hazingoji. Asiyezitazama leo huenda kesho asizikute.

NJIA YA MISAFARA ILIKUWAJE?

Katika karne ya 19 njia kuu ilianzia Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa, ikafika Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora yetu, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa zaidi ya kilomita 1,000, na yote ilikwendwa kwa miguu.

Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga na waya wa shaba. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani kwa sababu mwanzoni ilitoka Marekani. Kutoka bara zilikwenda pembe za ndovu, na Ulaya na Marekani zilitengenezwa vitana, mipira ya kuchezea na vibao vya piano. Pamoja na pembe walikwenda pia binadamu waliotekwa, wengi wao kwa ajili ya mashamba ya pwani na ya karafuu Unguja na Pemba.

Wengi hudhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Si kweli. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na Wanyamwezi waungwana, wapagazi waliolipwa ujira. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, akishika bendera. Kila walipopita katika nchi ya mtemi walilipa hongo, na wakati ule neno hilo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, si rushwa kama leo. Hii ilikuwa kazi ya heshima, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Njia hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili bara, na ndiyo iliyoleta Uislamu kwetu. Mwaka 2006 Tanzania iliiombea nafasi UNESCO ikaingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na vituo vyake ni pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji.

KWIHARA

Kwihara ipo kilomita chache tu kusini-magharibi mwa mji wetu. Utakachokiona ni tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa na ua katikati. Leo ni makumbusho, na jengo lililopo lilijengwa upya mwaka 1957. Hapo ndipo alipokaa Stanley mwaka 1871, na hapo yeye na Livingstone walifika pamoja Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi, lakini Livingstone alibaki akingoja wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Ukiwa Kwihara usitazame habari za wageni peke yake. Uliza pia habari za wenyeji. Muulize mwenye kukuongoza habari za Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyepigana na wafanyabiashara wa Tabora mwaka 1871 akaifunga njia, na habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyepambana na Wajerumani mpaka akafa ngomeni mwake Januari 1893 badala ya kujisalimisha.

UJIJI, BANDARI YA ZIWA

Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kiasi cha kilomita 400 kwa reli. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ndiyo iliyomaliza kazi ya mpagazi. Ndiyo pia iliyoififisha Ujiji, maana meli na biashara vilihamia Kigoma penye ghuba nzuri, na Ujiji ukabaki mji wa kale kilomita chache kusini yake.

Ujiji una miembe mikubwa, na ule uliokuwa karibu na mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871 umerithiwa na miembe mingine. Pana jiwe la ukumbusho na makumbusho. Wanafunzi hushangaa kuona maji yapo mbali na hapo. Sababu ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1870 Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulifunguka na ziwa likashuka. Teremka mpaka ufukweni uone mitumbwi na dagaa walioanikwa. Ng'ambo unayoiona siku ya uwazi ni milima ya Kongo. Huko ndiko ilikokuwa Manyema, na huko ndiko walikotoka wengi waliovushwa ziwa hili bila ya hiari yao.

SWALI GUMU

Mwanafunzi wetu mmoja, msichana wa darasa la sita, alitujia siku moja baada ya darasa akiwa amenuna. Shuleni walikuwa wamesoma habari za biashara ya utumwa, na mwenzake akamwambia mbele ya watu, "Ninyi Waislamu ndio mliotuuza." Akatuuliza, "Ustadh, ni kweli?"

Tulikuwa na njia nyepesi ya kumjibu. Tungeweza kumwambia kwamba Wazungu waliuza watu wengi zaidi kuvuka Bahari ya Atlantiki. Jambo hilo ni kweli, lakini si jibu la swali lake. Dhambi ya jirani haiifuti ya kwako.

Tukamwambia ukweli. Wapo Waislamu waliofanya biashara hiyo, na wapo watemi na watu wasiokuwa Waislamu walioshirikiana nao. Julai 1871 huko Nyangwe, Manyema, watu wa wafanyabiashara waliwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Hilo lilitokea, na hatuna haja ya kulificha. Lakini tusichanganye kitendo cha mtu na dini yake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kumuuza mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama. Na Surat Balad imelitaja tendo la kumkomboa mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani, njia ngumu ya wema. Waliovamia vijiji na kuteka watoto walikwenda kinyume cha mafunzo hayo, hata kama walikuwa wakiswali.

Kisha tukamwambia, "Nenda kamuulize bibi yako, yeye alitoka wapi."

Alirudi baada ya siku mbili akiwa mtulivu. Bibi yake alimwambia kwamba bibi yake yeye aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto mdogo, amevushwa ziwa, na mpaka anakufa hakujua jina la kijiji chao. Alisilimu Ujiji, akaolewa Tabora, akafundisha watoto wake Qur'ani. Kumbe mtoto aliyeambiwa "ninyi ndio mliotuuza" ni kizazi cha aliyeuzwa!

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo hali ya familia nyingi za Kiislamu za Tabora na Ujiji. Damu ya aliyeteka, ya aliyetekwa na ya mpagazi aliyepita njia moja nao zimechanganyika katika nyumba zetu. Katika safu moja ya swala wajukuu wao wamesimama bega kwa bega, na hakuna anayeweza kuwatenganisha. Kwa hiyo tukifika Ujiji hatuendi kujivuna wala hatuendi kujifichaficha. Tunakwenda kuwaombea dua waliodhulumiwa, na kujifunza tusidhulumu.

ADABU ZA ZIARA

1. Tia nia njema, waage wazazi, na soma dua ya safari. Wasichana wafuatane na mahram au walezi wao.

2. Kwenda Kwihara ni karibu, hivyo swala ni kamili. Kwenda Ujiji ni zaidi ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi hukadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Basi yafaa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya, maadamu hukukusudia kukaa siku nne kamili au zaidi bila ya kuhesabu ya kufika na ya kuondoka.

3. Lipa kiingilio na udai stakabadhi. Fedha hiyo husaidia kutunza mahali.

4. Usiandike jina lako ukutani wala usiokote kipande cha chungu au ushanga. Ni amana ya wote.

5. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

6. Chukua daftari. Andika ulichoambiwa na aliyekuambia.

Jambo la sita tunalisisitiza kwa wazazi pia. Tembe la Kwihara likianguka linaweza kujengwa tena, kama lilivyojengwa mwaka 1957. Lakini bibi akifariki na habari zake, hakuna fundi wa kuzijenga upya. Kabla hujamtafutia mtoto nauli ya Ujiji, mkalishe kwanza mkekani mbele ya bibi yake, na kalamu mkononi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia na atujaalie kuwa wenye kuzingatia. Amin.

Wabillahi tawfiq.