Kutoka Meza ya Upasuaji hadi Kulea Viongozi wa Tiba ya Macho

Mtoto wa jicho ndiye chanzo kikubwa cha upofu duniani, na tiba yake inajulikana: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, ya bandia huwekwa, na kwa daktari mzoefu kazi hiyo huisha kwa dakika chache. Hata hivyo mamilioni ya watu bado hawaoni. Kinachokosekana mara nyingi ni muuguzi aliyefunzwa, lenzi iliyofika kwa wakati, gari la kwenda vijijini, na mtu wa kuhakikisha kwamba vyote hivyo vinakutana siku moja. Ndiyo sababu baadhi ya madaktari wa macho, wakiwa bado hodari wa upasuaji, hugeukia kazi ya kutafuta na kulea viongozi.

Mfano ulio wazi zaidi uko kusini mwa India. Govindappa Venkataswamy, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa daktari wa jeshi hadi ugonjwa mkali wa baridi yabisi ulipomtoa kazini na kumpinda vidole. Alijifunza upya kushika kisu, safari hii cha upasuaji wa macho, na anakadiriwa kuwapasua watu zaidi ya 100,000 katika maisha yake. Idadi hiyo ingemtosha mtu yeyote kustaafu kwa heshima. Lakini mwaka 1976, baada ya kustaafu utumishi wa serikali akiwa na miaka 58, alifungua mjini Madurai hospitali ya vitanda 11 iliyoitwa Aravind. Kuanzia hapo, kutafuta watu kukawa sehemu kubwa ya kazi yake.

Alianza na waliokuwa karibu. Dada yake, G. Natchiar, na shemeji yake, P. Namperumalsamy, wote madaktari wa macho, walijiunga naye. Shemeji huyo alibobea katika magonjwa ya retina na baadaye akaiongoza taasisi nzima. Ndugu kuajiri ndugu huzua maneno, na mahali pengi huharibu kazi. Hapa kulifaa, kwa kuwa mwanzoni malipo yalikuwa kidogo na kazi nyingi. Aliyefuata cheo asingedumu. Kisha akaletwa R. D. Thulasiraj, msomi wa menejimenti asiye daktari. Uamuzi huo ulihitaji unyenyekevu ambao si kila bingwa anao: kukiri kwamba ratiba, hesabu na manunuzi ni utaalamu kamili, wala si kazi ya ziada ya daktari aliyechoka.

Hata hivyo ajira iliyoibadilisha hospitali zaidi ni ya wasichana wa vijijini. Huchukuliwa mara baada ya kumaliza shule, na hutazamwa zaidi tabia, huruma na utayari wa kujifunza kuliko alama za mtihani. Baada ya mafunzo ya miaka miwili, wao ndio hupima uwezo wa kuona, hutafuta namba ya miwani, huwaandaa wagonjwa na kumsaidia daktari mezani. Daktari akimaliza jicho moja, mgonjwa wa pili tayari amelala meza ya jirani. Kwa mpangilio huo daktari mmoja anaweza kufanya upasuaji zaidi ya 2,000 kwa mwaka.

Kulea viongozi hudai mazoea mapya. Kliniki humfundisha daktari kuona tatizo na kulimaliza mwenyewe hapo hapo. Mlezi hulazimika kunyamaza kijana anapofikiri, kumwachia aamue, kisha kurudi naye kwenye matokeo. Yapo mazoea ya zamani yanayofaa kubaki nayo. Kusikiliza historia yote kabla ya kutoa hukumu ni mojawapo. Jingine ni kuhesabu kwa uaminifu: daktari aliyezoea kuandika ni wagonjwa wangapi walioona vizuri baada ya upasuaji, na wangapi hawakuona, hawezi kuridhika na kiongozi anayeleta hadithi tupu. Mwaka 1992 Aravind ilianzisha taasisi ya mafunzo, LAICO, inayozisaidia hospitali nyingine. Huialika timu, madaktari pamoja na wasimamizi, wapange kazi yao kwa pamoja, kwa sababu kiongozi anayefunzwa peke yake hurudi kwa wenzake akiwa mgeni.

Afrika Mashariki nayo ina njia zake. Mjini Moshi, kituo cha KCCO, kilichoanzishwa mwaka 2001, kimewafunza wasimamizi wa programu za macho. Chuo cha madaktari wa macho cha kanda, COECSA, kiliundwa mwaka 2012 na makao yake yako Nairobi.

Hatari kubwa ya kumgeuza daktari kuwa mlezi wa viongozi iko wilayani. Penye daktari mmoja tu wa macho, kumhamishia ofisini ni kufunga huduma. Wengi hubaki na siku moja au mbili za upasuaji kwa wiki; hilo huwasaidia wagonjwa, na pia humfanya mlezi azungumze na vijana juu ya kazi anayoifanya bado. Wa kwanza kutafutwa na kufunzwa anapaswa kuwa mtu wa kushika siku nyingine za upasuaji.