Je, Asiyelia Haumwi?

Yapo maswali ya wanafunzi ambayo humfuata mwalimu hadi nyumbani. Mwaka jana, katika somo la biolojia, kijana mmoja wa hapa Magarini aliniuliza: "Mwalimu, mnyama asiyepiga kelele, tutajuaje kwamba anaumwa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilo nilikwisha kulisikia likijibiwa vibaya.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliugua saratani ya titi. Alikuwa mama wa zamani, aliyelelewa kuamini kwamba mtu mzima halii mbele ya watoto. Tulipomfikisha kwa matabibu, alikaa kimya kitini. Kijana aliyempima alimtazama, akaandika kwamba maumivu si makali, akatupa vidonge vya parasetamoli, tukarudi navyo Marafa.

Jibu la mwanafunzi wangu nililipata kwa mnyama wa nchi hii hii. Mto Sabaki, unaotuletea maji mekundu kila masika, hupitia nyika za Tsavo. Katika nyika hizo, na hadi Mtito Andei, anaishi chini ya ardhi fuko asiye na manyoya, mwenye meno marefu na ngozi iliyokunjamana. Jennifer Jarvis aliutangazia ulimwengu mwaka 1981 kwamba mafuko hawa huishi kama nyuki: malkia mmoja huzaa, na wengine wote humtumikia.

Profesa Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akishirikiana na Kjell Hole wa Norway, alitaka kujua jinsi mnyama huyu anavyohisi maumivu. Mwaka 1990 walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Fuko huwekwa juu ya bamba la chuma lenye moto, nao wapimaji huhesabu sekunde hadi ainue mguu au aulambe. Panya wa kawaida akipewa mofini hukawia kuinua mguu, kwa kuwa maumivu yamepungua. Fuko huyu alipopewa mofini aliuinua upesi zaidi! Tena mafuko walighadhibika, wakashambuliana vikali.

Hapa yafaa nieleze kidogo, kwani vitabu vyetu vya shule hulipita jambo hili mbio mbio. Mishipa ya fahamu hupashana habari kwa kemikali, na kila kemikali ina vipokezi vyake, mfano wa ufunguo na kitasa. Mofini hufungua vitasa ambavyo mwili umejiwekea kwa ajili ya dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu. Iko dawa nyingine, naloksoni, ambayo huingia katika kitasa kile kile isikifungue, bali ikakiziba. Basi mtafiti akitaka kujua kama jambo fulani limepitia mlango huo, huuziba kwanza, kisha akatazama. Naloksoni ilipotumiwa kwa mafuko, athari ya mofini ilizuilika. Ndiyo kusema vitasa walikuwa navyo, ila vilifunguliwa kwa njia tusiyoitazamia.

Je, mofini haimfai fuko kamwe? La hasha. Mwaka 1993 Kanui na wenzake walitumia kipimo kingine. Walidunga mguuni tone la fomalini, ile ile tunayohifadhia vielelezo katika chupa za maabara, wakahesabu muda ambao mnyama aliulamba mguu wake. Maumivu hayo hudumu kwa dakika nyingi, tofauti na ya bamba ambayo hupita mara moja. Safari hii mofini ilipunguza maumivu, na hata parasetamoli ilisaidia. Mnyama ni yule yule na dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Sifichi kwamba moyo wangu haufurahii kumtia kiumbe uchungu kusudi. Hata hivyo, ningependa wanafunzi wetu wayajue majina ya hawa walioishi Nairobi wakauliza maswali haya, kama wanavyolijua jina la Pavlov na mbwa wake.

Mwaka 2008 wenzao wa Berlin na Chicago, Gary Lewin na Thomas Park, walionyesha kwamba fuko huyu haungui kwa pilipili wala kwa tindikali, na kwamba mishipa myembamba ya ngozi yake imekosa kemikali moja ipelekayo habari za maumivu. Magazeti mengi yakaandika kwamba amepatikana mnyama asiyeumwa. Si kweli. Ukimbana ngozi hujikunyata, na bamba la moto hulikimbia.

Watafiti wa Nairobi hawakukomea kwa mafuko. Mwaka 2014 walichapisha habari za kobe wa majini, yule wa madimbwi yetu. Walimpa uti wa mgongoni klonidini, inayofungua vipokezi vya noradrenalini, na wakati mwingine yohimbini, inayoviziba. Dawa zote mbili zilipunguza maumivu ya fomalini. Mwanafunzi mwepesi atasema hesabu imekosewa, lakini yohimbini hugusa pia vitasa vya serotonini, na mwenye kuziba mlango mmoja huenda akawa amefungua wa jirani.

Na kobe, msomaji, hana sauti ya kulia. Wapimaji hawakungoja kelele. Waliutazama mguu, na saa mkononi.

Haya yote nilimweleza yule kijana. Aliniuliza kama binadamu naye hupimwa hivyo. Nilimwambia binadamu huulizwa, na ikiwa hasemi, hutazamwa.

Siku chache kabla ya kufariki, nilimkuta shangazi ameegemea ukuta wa udongo, vidole vya miguu amevikunja, kitambaa cha leso amekiuma kwa meno. Nilimwuliza kama anaumwa. Alikitoa kile kitambaa, akaniambia chai iko jikoni, niende nikanywe ingali moto.