Mto Semliki na samaki wa mezani kwetu

Mtoto anapokula samaki wa Kyavinyonge jioni, anakula pia historia. Juma hili tuiangalie historia hiyo, kwa sababu inatuhusu sisi tunaonunua, tunaouza na tunaopika.

Mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward pale Ishango, unapita katika bonde chini ya mlima Rwenzori, kisha unamwaga maji yake katika Ziwa Albert. Watu walivua hapo tangu zamani sana. Mwaka 1950 mtaalamu Mbeleji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango akakuta vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki, na mfupa wenye alama za kuhesabu. Mfupa huo una miaka 20,000 hivi. Leo uko Bruxelles, si kwetu.

Wazee wetu wa milimani walijua njia ya kushuka ziwani. Walishusha vyakula vya shamba, wakapandisha samaki, na chumvi ya Katwe. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya wakapatana juu ya mipaka, na Katwe ikabaki Uganda.

Ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, nao ulipiga bonde la Semliki. Serikali ya Wabeleji ikahamisha watu kutoka bondeni, vijiji vikabaki vitupu. Mwaka 1925 wakaanzisha Parke Albert, ya kwanza katika Afrika. Kufikia 1935 mpaka wake ulikuwa umefika Semliki. Kulima, kuwinda na kukata kuni ndani yake vikakatazwa. Mahali palipokuwa shamba la bibi, sasa pakaitwa pori. Ndiyo maana hata leo maneno ya mpaka wa parke yanaumiza roho za watu wengi.

Lakini tuseme ukweli wote. Parke, ambayo tangu 1969 inaitwa Virunga, ililinda pia chakula chetu. Viboko wanakula majani usiku, na mchana wanaacha mavi yao majini. Mavi hayo yanalisha vijidudu na majani ya maji, navyo vinalisha samaki. Miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 30,000. Kisha vita na bunduki vikaja, na kufikia miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000. Wavuvi waliona nyavu zao zikipungua uzito.

Basi tumepata mafundisho mawili. Sheria inayowekwa bila kuuliza wenye nchi inaacha kidonda kisichopona upesi. Na ziwa lisilolindwa na mtu linakauka samaki, na mtoto wetu ndiye anayelala na ugali mtupu.

Sisi wamama tunaweza nini? Sokoni, tukatae tilapia wadogo kama kidole: tukiwanunua, tunamlipa mvuvi wa nyavu za matundu madogo, na samaki wa mwaka kesho wanakufa leo. Katika mikutano ya parke na wavuvi, tuombe kiti, maana biashara ya samaki iko mikononi mwetu. Na nyumbani, tuulize bibi na babu: mulikuwa mukilima wapi? Watoto wasikie, waandike, kabla wazee hawajaondoka na habari hizo.