Hedhi Inapopotea: Tusimtupie Mama Lawama

Mwanamke akikosa hedhi miezi mitatu, na kipimo kikaonyesha hana mimba, maneno huanza. Huyu husema amerogwa, yule husema ni laana. Mawifi nao huhesabu miaka ya ndoa. Kumbe mara nyingi sababu ni hali ya mwili iitwayo sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake 6 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui.

Ni hali gani hii?

Vifuko hivyo si uvimbe. Ni vijumba vidogo vya mayai ambayo hayakupevuka. Kwa wanawake wengi wenye hali hii, mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayosaidia mwili kutumia sukari. Kongosho hutoa insulini zaidi, nayo huchochea ovari kutengeneza homoni nyingi za kiume. Ndipo hedhi huvurugika, ndevu huota kidevuni na chunusi hujaa usoni.

Tuanzie jikoni

Hakuna chakula kimoja cha muujiza. Jaza nusu ya sahani mboga kama mchicha au matembele. Robo iwe maharage, choroko, dagaa au samaki, na robo iliyobaki ugali wa dona. Soda na chai yenye sukari nyingi tuziache, tunywe maji. Mama asijishindishe njaa. Mlo huu unaifaa familia nzima, hivyo hana haja ya kupikiwa chungu chake.

Miguu nayo ifanye kazi

Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Siku 2 fanya mazoezi ya kukaza misuli. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 huweza kurudisha hedhi. Kwa mama wa kilo 80, hizo ni kilo 4 tu. Wembamba nao hupata hali hii. Hawahitaji kupungua, lakini mlo bora, mazoezi na usingizi wa kutosha huwafaa pia.

Hospitali tusiisahau

Hali hii haiponi kabisa, ila hudhibitiwa. Kwa hiyo tujihadhari na wauza "dawa za kusafisha kizazi" wanaoahidi mtoto kwa chupa tatu. Fedha hiyo ni heri ilipie vipimo vya homoni na, daktari akiona inafaa, altrasaundi.

Ukikaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi, na huna mimba wala hunyonyeshi, muone daktari hata kama hutafuti mtoto. Utando wa mji wa mimba usipotoka kwa muda mrefu huweza hatimaye kuleta saratani. Pima pia sukari na shinikizo la damu, maana hatari ya kisukari huongezeka.

Kwa wanaotafuta mtoto, zipo dawa za kusaidia yai kupevuka, na wengi hufanikiwa kuzaa. Baba naye apimwe, kwa kuwa mimba hutafutwa na wawili.

Akina mama wakwe, binti huyo hakuichagua hali hii. Badala ya kumuuliza mjukuu yuko wapi, msindikizeni matembezi ya jioni.