Kipindupindu na Nasaba Zake

Kila kipindupindu kinapozuka, ndimi hukimbilia kumtafuta aliyekileta. Jamaa zetu wa Kakamega huenda wakamshuku msafiri aliyetoka Pwani, nasi wa Pwani tukamshuku mgeni wa bara. Hivyo mgonjwa huogopa aibu, akajificha, na kuchelewa kutibiwa ni hatari kuliko aibu.

Elimu ya vinasaba yatufunza uadilifu. Wataalamu walilinganisha sampuli 170 za bakteria wa kipindupindu, zilizokusanywa sehemu mbalimbali za Kenya kati ya Januari 2009 na Mei 2010. Lau ugonjwa ungekuwa umeletwa na mtu mmoja, bakteria hao wangekaribia kuwa ndugu wa tumbo moja. Haikuwa hivyo. Yalipatikana makundi matano ya nasaba, yakiwaambukiza watu katika kipindi kimoja. Kwa rai ya wataalamu hao, hali hiyo yaafikiana na bakteria waliokwisha kufanya makazi katika mazingira ya nchi, kuliko ugeni wa karibuni uliosambazwa na wasafiri.

Hata hivyo, safari zina sehemu yake. Aina ya El Tor, iliyoenea duniani tangu mwaka 1961 na kufika Kenya mwaka 1971, ina jina la karantini ya mahujaji huko Sinai, ilikotambuliwa mwaka 1905. Ilipatikana katika maiti za mahujaji ambao hawakuwa na dalili za kipindupindu. Basi mtu aweza kukibeba kijidudu asijijue. Usafi ni wajibu wa kila mmoja, si wa mgonjwa peke yake.

Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, na familia nyingi huteka maji chemchemini. Mvua kubwa huuteremsha uchafu hadi majini. Hata maji yaliyotekwa safi huchafuka nyumbani kwa mkono uliochovywa mtungini. Sharia yetu imekataza kuyanajisi maji yaliyotuama. Hilo tuwafunze watoto mapema.

Enyi mama na dada zetu, nanyi akina baba: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, yafunikwe, na yachotwe kwa kata yenye mkono. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Anayeharisha maji matupu apewe mara moja maji ya chumvi na sukari ya pakiti, naye apelekwe hospitali bila kuulizwa alikotoka.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu. Amin.