Pikipiki Iliyolala na Pikipiki Iliyochoka

Vikundi vingi vinavyopita ofisini kwetu hapa Woodley vinakuja na swali moja: tumeonyeshwa pikipiki ya bei rahisi, tuichukue au tuiache? Leo ni kina mama wa maziwa waliochoka kulipa boda kila alfajiri, kesho ni vijana wa mradi wa kuku wanaotaka kufikisha mayai sokoni bila kuvunjika. Pesa yenyewe huwa ni mchango wa mwaka mzima, shilingi mia mia kila wiki. Ikizama kwenye mashine isiyotembea, wanachama wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho lingine, na tumeona vikundi vizuri vikivunjika hivyo hivyo. Kwa hivyo tumeonelea tuieleze habari hii polepole, jinsi tunavyoieleza tukiwa tumechuchumaa kando ya mashine yenyewe.

Jambo la kwanza mjue kwamba pikipiki rahisi ni za aina mbili. Kuna iliyolala na kuna iliyochoka. Kwa mbali zinafanana: zote zina vumbi, kiti kimeraruka, kioo hakuna. Lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Iliyolala ni ile iliyoegeshwa miaka kadhaa kwa sababu ya kitu kidogo. Betri ilikufa, au mwenyewe alihamishwa kazi, au ofisi ilinunua gari. Ikalala. Petroli ikakauka ndani ya kabureta ikawa kama gundi, tangi likashika kutu, raba zikapasuka, panya wakajenga ndani ya chujio la hewa na nyigu wakaziba ekzosi kwa udongo. Ukiitazama unaihurumia. Lakini hesabu uharibifu huo: karibu wote uko nje ya injini, na karibu wote unatengenezwa kwa sabuni, brashi, subira na spea ndogo ndogo.

Iliyochoka ni ile iliyofanya kazi mchana na usiku, abiria wawili na gunia la makaa, oili ikibadilishwa siku fundi akikumbuka. Hiyo imeliwa ndani: krenki, beringi, meno ya gia, hata fremu. Kuitengeneza ni kufungua injini yote. Na hapa ndipo watu wanaponaswa, kwa maana iliyochoka huwaka kwa kiki moja tu, hali iliyolala hata haikohoi. Mnunuzi anaenda na inayowaka. Tena iliyochoka hupigwa rangi na kubandikwa stika mpya, ikang'aa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Maoni yetu ni kwamba kikundi chenye fundi mwaminifu na pesa kidogo kitafute iliyolala.

Zinatoka wapi

Kabla ya pikipiki za India na China kujaa nchini katika miaka ya 2000, pikipiki za vijijini zilikuwa za Japani: Yamaha, Suzuki, Honda. Walizipanda maafisa wa kilimo, wauguzi, makatekista. Yamaha AG100, kwa mfano, ilikusudiwa kazi ya shamba, ndiyo maana cheni yake imefunikwa isiingie matope. Mashine hizo ni ngumu, na nyingi hazikufa kwa kazi, zilikufa kwa kusahauliwa. Ziko nyuma ya zahanati, nyuma ya nyumba ya padre, kwenye stoo za ofisi za Ngong Road. Hata hapa mtaani kwetu, kati ya hizi nyumba za zamani za baraza la jiji, utaona tairi likichungulia chini ya turubai.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa habari Mwingereza Barry Coleman na mwendeshaji wa mashindano kutoka Marekani, Randy Mamola, walizuru Somalia. Walikuta pikipiki za wahudumu wa afya zimetupwa zikiwa bado changa, kwa kukosa matengenezo madogo tu. Baadaye Barry na mkewe Andrea walianzisha shirika la Riders for Health, ambalo lilifanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, likifundisha wahudumu kukagua pikipiki zao kila siku kabla ya kuzipanda. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kuwa mashine nyingi zilizotupwa hazikuwa zimekwisha.

Karatasi kabla ya spana

Msiguse injini kabla ya kuona karatasi. Hili tunalisema kwa nguvu. Injini mbovu hutengenezwa, lakini pikipiki ya wizi itawapeleka kituoni mkiwa na risiti mkononi.

Namba ya chesisi hupigwa kwenye chuma cha shingo, pale usukani unapozungukia. Namba ya injini iko ubavuni mwa injini. Pangusa kwa kitambaa na petroli, usome zote mbili, ulinganishe na logbook. Mkiona chuma kimesagwa kwa tupa, au herufi zimepinda kama zilizopigwa kwa mkono, muage na mwende zenu. Kisha mwombe rekodi ya pikipiki hiyo kwa NTSA kupitia eCitizen, mwone jina la mwenye mali na kama kuna deni la benki juu yake. Siku hizi umiliki hubadilishwa huko huko mtandaoni: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali. Mtu anayesema "chukueni tu, karatasi tutamaliza baadaye" asipewe pesa yote. Na pikipiki iandikwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti. Kwa hiyo kikundi kiwe na cheti chake cha usajili na PIN ya KRA mapema.

Pikipiki ya serikali huuzwa kwa mnada wa wazi, na hununuliwa kama ilivyo na hapo ilipo, kwa hivyo nendeni siku ya kukagua na fundi wenu. Ile ya shirika iliyoingia nchini bila kulipiwa ushuru, ulizeni kwanza ushuru huo utalipwa na nani. Tofauti yake yaweza kupita bei ya pikipiki.

Kukagua

Mkifika kwa muuzaji, wekeni mkono kwenye injini kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ina moto, amekwisha kuiwasha ili iwadanganye. Mwambieni mtangoja ipoe.

Halafu mshike gurudumu la nyuma, mlisukume kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi zimekwisha. Inueni mbele, mgeuze usukani polepole. Ukikwama katikati kama unaoingia kwenye kijishimo, beringi za shingo zimekufa. Tazameni fremu chini ya kiti na pale keria inapofungiwa. Nyufa na welding juu ya welding ni alama ya mizigo mikubwa. Tazameni sproketi ya nyuma: meno yaliyopinda kama meno ya msumeno yanasema cheni haikuwahi kuona oili.

Kwa injini yenyewe, kama imekwama kabisa msikate tamaa bado. Kama inazunguka, simama juu ya kiki kwa uzito wako wote, pole pole. Ikikubeba kidogo kabla ya kushuka, mgandamizo upo. Ikishuka kama mguu umeingia kwenye uji, ringi au silinda imeliwa. Toa plagi uisome. Rangi ya kahawia, vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli inazidi hewa. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hivyo pikipiki iliyotengenezwa kwa hewa ya Mombasa yaweza kuonyesha masizi bila kuwa na ugonjwa. Ikiwa imelowa oili na injini ni ya fostroki, hiyo ni dalili ya ringi. Kwa tustroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli, moshi kidogo na ulowevu si ajabu.

Hesabu

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mtu mmoja apande matatu aende Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, aulize bei za spea za pikipiki hiyo hiyo. Aulize pistoni na ringi, sahani za klachi, nyaya, cheni na sproketi, tairi mbili na tyubu, betri, breki. Aulize maduka matatu. Spea isiyopatikana huko, kijijini itapatikana wapi? Modeli ngeni isiyo na spea ni chuma chakavu, hata ikitolewa bure.

Tuseme mmepewa bei ya shilingi 40,000. Spea zikifika 30,000, fundi 8,000, karatasi na bima na gari la kuisafirisha 10,000, basi pikipiki yenu ni ya 88,000. Hiyo ndiyo bei ya kupeleka mbele ya wanachama. Hizi namba ni za mfano tu, jazeni zenu. Sisi tunashauri jumla isipite nusu ya bei ya pikipiki mpya ya kazi kama hiyo, na ibaki akiba kidogo, kwa maana kuna kitu hamtakiona mpaka mfungue.

Kuiamsha

Kosa linaloua pikipiki iliyolala ni kuipiga kiki siku ile ile mnaifikisha nyumbani. Kutu ndani ya silinda itakwaruza ukuta, na mtakuwa mmeifanya iliyochoka kwa dakika moja.

Toeni plagi. Mimina kijiko cha oili ya injini kwenye tundu, uache usiku mzima, hata siku mbili. Ingiza gia ya juu kabisa, uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele na nyuma, bila nguvu. Injini ikifunguka mtasikia. Ikikataa kwa siku tatu nne, hapo ndipo silinda ifunguliwe na ipimwe. Ikiwa imeliwa, fundi wa kukereza huitanua na kuweka pistoni kubwa kidogo.

Mwaga petroli yote ya zamani. Tangi lenye kutu litiwe maji ya sabuni na kokoto safi au cheni kuukuu, litikiswe mpaka mikono iume, lisuuzwe, likaushwe juani siku nzima. Kabureta ifunguliwe juu ya sinia ili vidude visipotee. Vitundu vyake visafishwe kwa uzi mmoja wa waya wa shaba au uzi wa kuvulia samaki, kamwe si kwa sindano ya chuma, maana kitundu kikitanuka hata kidogo itakunywa petroli milele. Badilisha oili. Weka plagi mpya. Ijaribuni kwa kuigusisha na chuma cha injini mbali na petroli: cheche ya buluu ni nzuri, ya njano dhaifu inataka koili au waya kuangaliwa.

Tustroki zenye tangi la oili la pekee zina pampu ndogo inayopeleka oili kwenye injini. Msiiamini mara moja. Kwa tangi la kwanza changanyeni oili ndani ya petroli pia, mililita 25 kwa kila lita, mpaka mhakikishe pampu inavuta. Pampu iliyokufa huua injini kabla ya kufika Dagoretti Corner.

Breki na tairi zisingoje mavuno. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Zikiwa tatu tu, ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Tairi kama hilo hata likiwa na meno yote litupwe, raba yake imekuwa mbao. Nyaya za breki na za mafuta zibadilishwe zote. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na mwendeshaji awe na leseni ya pikipiki, helmeti na jaketi la kumulika, abiria vivyo hivyo.

Ikiwaka, furahini, lakini msiipakie. Kilomita 500 za kwanza iendeshwe na mtu mmoja, bila mzigo, bila kunyonga moto, hasa kama ringi ni mpya. Fundi akaze tena kila nati, kwa sababu injini iliyofunguliwa hulegea. Kwa fostroki mwageni oili hapo hapo kwenye 500 muitazame kwenye sinia juani. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole, simamisheni safari za maziwa na mrudi kwa fundi siku hiyo hiyo.