Fahamu: Kwa nini mpox hufuata njia za biashara

Mlipuko wa mpox aina ya Ib ulianza Septemba 2023 Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dhahabu huvuta wachimbaji na wafanyabiashara, nao hawatulii mahali pamoja. Virusi vikafika Bukavu, kisha Goma, na Julai 2024 vikaonekana Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya. Ndui, ugonjwa wa jamii hiyohiyo, nayo ilivuka Atlantiki kwa meli miaka 500 iliyopita.

Je, mpaka wa Kongo na Rwanda ufungwe? Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, wachuuzi wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Rwanda, walinawa mikono kwa maji ya klorini, wakapimwa joto, wakavuka na mizigo yao kichwani. Ukifunga, unawanyima watoto wao chakula cha jioni. Kinga nyingine ni chanjo: ya mpox ilianza kutolewa Goma Oktoba 2024.